Kumlaza Mtoto, Kumwamsha Mtoto

Mtazame mtaalamu wa usingizi aliyebobea anapomwendea mtoto wa miaka mitatu anayesubiri kupasuliwa ngiri. Mashine ya usingizi hataigusa kwanza. Huchuchumaa, huzungumza na mama huku mtoto akisikiliza, kisha humpa barakoa aichezee na kumvisha mwanasesere wake. Baadaye atamwomba apulize puto la mashine hiyo kupitia barakoa, naye atapuliza mpaka alale.

Muda huo haupotei bure. Umri huo mtoto haogopi kisu, maana hakijui. Anaogopa kutengwa na mamaye. Anayelazwa akilia huku ameshikwa mikono kwa nguvu yuko katika hatari zaidi ya kuamka vibaya, na siku zinazofuata huenda akashtuka usiku au kurudia kukojoa kitandani. Dawa ya kutuliza ipo: midazolamu ya kunywa, kama nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito. Lakini huhitaji dakika 20 hadi 30 kukolea, na kujua saa ya kuinywesha ni ufundi.

Kazi ngumu zaidi huja baadaye. Watoto wa miaka miwili hadi mitano, hasa waliolazwa kwa gesi ya sevofluraini, ambayo hutoka mwilini upesi, wakati mwingine huamka wakipiga mateke na kulia, macho yakimpita mama kana kwamba hayupo. Je, ni maumivu au ni kuchanganyikiwa? Mwaka 2004 watafiti Sikich na Lerman walichapisha kipimo cha mambo matano: mtoto anamtazama mlezi? Vitendo vyake vina lengo? Anatambua alipo? Anahangaika? Anabembelezeka? Muuguzi mzoefu huanzia machoni. Mwenye maumivu kwa kawaida bado humtafuta mama kwa macho, aliyechanganyikiwa hamwoni. Jibu hilo ndilo linaloamua kama ataongezewa dawa ya maumivu, au atalindwa tu asijigonge wala kung'oa mrija wa dripu, au atapewa kidogo dawa ya usingizi ya propofoli.

Ninaowaheshimu kuliko wote ni wale wataalamu waliomweleza mama haya tangu asubuhi: kwamba mwanawe huenda asimtambue, kwamba hali hiyo mara nyingi hupita ndani ya nusu saa, na kwamba si wazimu wala si jini.