Fani ya Tangi la Kutuamisha

Mhakiki wa ushairi huhesabu mizani kabla ya kuuliza shairi linasema nini. Nimelisoma tangi la kutuamisha la kituo cha majitaka kwa njia hiyohiyo. Mji unapokua na maji yakazidi, wazo la kwanza huwa ni kujenga tangi jingine, ilhali lililopo mara nyingi halijasomwa likaisha.

Maudhui yake ni mepesi. Maji yaliyochanganyika na tope la vijidudu huingia katikati ya duara, mwendo hupungua, tope huzama, na maji mang'avu humwagikia kwenye mfereji wa pembeni. Tope hukokotwa polepole hadi shimo la katikati, kisha hurudishwa kazini. Ugumu wote umo katika fani.

Kanuni ya kwanza ya fani hiyo aliieleza mhandisi wa Marekani, Allen Hazen, mwaka 1904: uwezo wa tangi hutokana na upana wa uso wake, wala si kina. Chukua tangi lenye kipenyo cha mita 30. Uso wake ni kama mita za mraba 707. Likipokea mita za ujazo 14,000 kwa siku, maji hupanda takriban mita 20 kwa siku. Chembe inayozama upesi kuliko hapo hubaki. Inayochelewa huenda na maji. Lichimbe kina maradufu, hesabu ni ileile. Ndiyo maana Hazen aliwaza kulipanga tangi rafu kwa rafu, kila sakafu iwe uso mpya. Rafu bapa hujaa tope, kwa hiyo siku hizi mabamba huinamishwa nyuzi kama 60 ili tope liteleze lenyewe. Kwenye mitambo ya maji ya kunywa hila hii imefaulu sana. Kwa tope la vijidudu, linalonata na kuziba, inataka tahadhari.

Ila kanuni ya Hazen inalisoma tangi kana kwamba maji yamelala. Mwaka 1945 Norval Anderson, mhandisi wa Chicago, alieleza jinsi yanavyotembea kwa kweli. Maji yenye tope ni mazito kuliko mang'avu, hivyo yakiingia hupiga mbizi, hukimbia juu ya sakafu, hugonga ukuta wa nje na kupanda nao. Na juu ya ukuta huo ndipo wachoraji wengi walipouweka mfereji wa kutokea! Tope linaonyeshwa mlango. Mita za mraba 707 zimebaki kwenye karatasi.

Hapa ndipo uhariri unapolipa. Bamba moja lililoinamishwa, likazungushwa ukutani chini ya mfereji, huurudisha mkondo katikati. Wahandisi huliita kwa jina la Stamford, mji wa Connecticut. Katikati nako, pete pana inayozunguka bomba la kuingilia huvunja kishindo cha maji na kuyapa makombo ya tope nafasi ya kushikana yawe mabonge mazito. Zege halikuongezwa, njia ya maji imeandikwa upya.

Kuna kosa dogo zaidi, ambalo jicho la haraka halilioni. Ukingo wa mfereji una meno ya pembetatu, na maji hupita kati ya jino na jino. Tuseme kina cha maji kwenye pengo ni sentimita 5. Upande mmoja wa ukingo ukishuka sentimita 1 tu, mapengo ya upande huo hupitisha maji zaidi kwa nusu na ushei, maana mtiririko hukua haraka sana kuliko kina. Tangi zima huvutwa upande mmoja. Mshororo wenye mizani 17 pale penye 16 humkwaza mghani vivyo hivyo, na dawa yake haihitaji mkopo: ni pimamaji na spana.

Mhakiki mwadilifu hujiuliza pia kama kasoro ni ya fani kweli. Mtu wa maabara ana jibu lake mezani, silinda ya lita 1. Hujaza maji yenye tope, husubiri dakika 30, husoma mstari. Tope likisimama kwenye mililita 250, na lita hiyo ina gramu 2.5 za tope kavu, kila gramu imeshika mililita 100: linatua vizuri. Hesabu hiyo ikipita mililita 150 kwa gramu, tope limevimba, na hakuna bamba litakaloliokoa. Shida iko kwa vijidudu, kwenye hewa na chakula chao.

Silinda haina mkondo, haina ukuta wa mbali, haina meno. Ni maudhui yaliyovuliwa fani. Basi siku tope linapofurika mferejini huku ndani ya silinda limetua sawasawa, kabla ya kutangaza zabuni ya tangi jipya, litazame la zamani kwa makini: silinda imekwisha sema kosa ni la nani.