Hela ya Tabora na Thamani Yake

Yako mazoea miongoni mwa wakusanyaji wa sarafu za kale ambayo hatuna budi kuyahakiki. Mtu apatapo sarafu iliyofanya weusi, kwanza huisugua kwa majivu na ndimu hata ing'are. Kisha huuliza ina dhahabu kiasi gani. Kwa maoni yetu makosa hayo mawili yana shina moja, na sarafu zilizopigwa Tabora mwaka 1916 zatosha kulithibitisha jambo hilo.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza ziliifunga pwani, na serikali ya Wajerumani ikapungukiwa na sarafu za kuendeshea vita. Basi ikaanza kupiga sarafu katika karakana ya reli mjini Tabora. Sarafu ya rupia 15 ilipigwa kwa dhahabu ya Sekenke: upande mmoja tai wa dola ya Kijerumani, upande wa pili ndovu aliyeinua mkonga mbele ya milima. Zilitoka zaidi ya 16,000. Pamoja nazo zilipigwa heller 20 na heller 5 za shaba, iliyopatikana katika maganda ya mizinga na vyuma chakavu. Hizo zilitiwa taji, herufi D.O.A., mwaka, na herufi T ya Tabora. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji, na kazi hiyo ikawa imekwisha.

Wakusanyaji aghalabu humsifu ndovu, nasi hatukatai kwamba amechorwa kwa ustadi. Lakini ni nani aliyekwenda sokoni kununua muhogo kwa rupia 15? Sarafu ya mtu wa kawaida ilikuwa heller, na ndiyo iliyotuachia neno «hela» tulitumialo hata leo. Tena, katika njia ya misafara itokayo Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji, bidhaa zilinunuliwa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Shaba ilikuwa mali katika nchi hii kabla Mjerumani hajaitia taji. Kwa hiyo anayeidharau hela ya shaba kwa kuwa si dhahabu anaidharau historia ya wapagazi na wakulima wenyewe.

Yafaa sasa tutazame usafishaji. Hela nyingi za Tabora zina maandishi yaliyofifia na chapa isiyokaa sawasawa. Dosari hizo ni ushahidi wa karakana iliyofanya kazi kwa haraka na kwa zana chache. Utando wa kahawia ulio juu yake ni alama ya miaka iliyopita, tena huikinga shaba. Majivu huviondoa vyote pamoja, na kinachobaki ni uzuri wa mkakasi. Hata mnunuzi mjuzi huishusha bei sarafu iliyosuguliwa, kwa maana mikwaruzo haifutiki.

Hivyo twawashauri walimu wanaokusanya vitu vya kale pamoja na wanafunzi wao: udongo uondolewe kwa maji safi, bila kusugua, sarafu ikaushwe kwa kitambaa laini kwa kugusagusa tu, nayo ishikwe kwa ukingo. Kisha iandikwe ilipatikana kijiji gani, ilihifadhiwa na nani, na wazee walisimulia nini juu yake. Majina ya mafundi na vibarua wa karakana ile hayakuandikwa juu ya sarafu yoyote. Tukiisugua pia ile alama ya kazi ya mikono yao, tutakuwa tumewafuta mara ya pili.