Kipeuo Hakitendui Yote: Kiswahili cha Milinganyo yenye Vipeuo na Sehemu

Wanaotetea uwezo wa Kiswahili katika sayansi wamezoea kuleta ushahidi wa aina moja, nao ni orodha ya istilahi. Huonyeshwa kwamba lugha inayo mlinganyo, kipeo, kipeuo, sehemu, kiasi na asili, kisha shauri huhesabiwa kuwa limekwisha. Ushahidi huo haudharauliwi hapa. Kazi kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI huko Dar es Salaam mwaka 1990, haikuwa kazi ndogo. Hata hivyo hisabati haifanywi kwa majina peke yake. Hufanywa kwa sentensi, na nyingi katika sentensi zake hubeba masharti. Istilahi zikiwa kamili na masharti yakakosa msemo wake, mwanafunzi atataja kila kitu kwa jina lake sahihi na bado atatoa jibu la uongo.

Mfano mmoja unatosha kulionyesha jambo hili. Utafutwe x katika mlinganyo √x − 6/√x = 1. Humo mna kipeuo na mna sehemu, na asili ya sehemu hiyo yenyewe ni kipeuo. Kwa Kiswahili cha vitabu vya shule, kazi huendeshwa kwa amri: zidisha kila upande kwa √x; andika x − 6 = √x; pandisha pande zote mbili kwenye kipeo cha pili; andika x² − 12x + 36 = x; kusanya upande mmoja; andika x² − 13x + 36 = 0; tafuta vigawo. Hupatikana (x − 4)(x − 9) = 0, yaani x = 4 au x = 9. Amri zote zimetiiwa, wala hakuna hesabu iliyokosewa.

Tisa ni jibu: kipeuo chake ni 3, sita kwa tatu ni 2, na 3 − 2 ni 1. Nne si jibu: kipeuo chake ni 2, sita kwa mbili ni 3, na 2 − 3 ni −1. Mwanafunzi aliyeandika majibu mawili hakukosea katika hatua yoyote aliyoamriwa. Kosa limo katika lugha ya amri, ambayo haikumwambia kwamba hatua mojawapo ilikuwa ya kwenda tu, bila njia ya kurudi.

Hatua hiyo ni ile ya kipeo cha pili, na hapa umbo la maneno lina sehemu yake ya lawama. Kipeo na kipeuo hutofautiana kwa irabu moja. Darasani, kwa mwalimu asemaye upesi na wanafunzi walioketi nyuma, irabu hiyo hupotea kwa urahisi, nayo ndiyo itenganishayo tendo na kinyume chake. Lakini tatizo la sikio ni dogo likilinganishwa na lile la maana. Msemaji wa Kiswahili akisikia kipeuo kando ya kipeo huelekezwa na umbo lake kwenye kauli ya kutendua, ile ya funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Kauli hiyo huahidi kwamba kilichotendwa kitarudi kilivyokuwa: mlango uliofungwa ukifunguliwa ni mlango uleule. Kipeuo hakiwezi kutimiza ahadi hiyo. Namba 3 na namba −3 zote mbili zikipandishwa kwenye kipeo cha pili hutoa 9; kipeuo cha pili cha 9, kwa kanuni, ni 3 peke yake. Aliyeingia akiwa hasi hutoka akiwa chanya, na alama yake haionekani tena.

Ndiyo maana nne imejipenyeza katika jibu. Mlinganyo x − 6 = √x na mlinganyo x − 6 = −√x ni milinganyo miwili mbalimbali, lakini pande zake zikipandishwa kwenye kipeo cha pili yote miwili huwa kitu kimoja. Nne ni jibu la huo wa pili.

Haisemwi kwa hayo kwamba istilahi ibadilishwe. Istilahi njema mara nyingi huwa na uongo kidogo ndani yake, na kipeuo ni istilahi njema: ni fupi, inanyambulika, na imekwisha kukaa midomoni mwa watoto wa shule za msingi za Tanzania. Kinachodaiwa ni kwamba mwalimu aufichue uongo huo mapema.

Kuhusu sehemu, lugha imefanya vizuri zaidi. Namba ya juu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Neno asili humfahamisha mwanafunzi kwamba chini ndipo sehemu inapopata aina yake. Ni rahisi basi kusema kwamba pasipo asili hapana sehemu, na kwamba asili isiwe sifuri. Katika x/(x − 2) = 2/(x − 2), anayezidisha kwa x − 2 bila kufikiri hupata x = 2, thamani ileile inayoiangamiza asili. Kwa kweli mlinganyo huo hauna jibu. Mkato MAGAZIJUTO, ambao watoto wa Tanzania hujifunza ili wakumbuke mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa, huwapa mpangilio wa matendo tu. Haugusi kipeo wala kipeuo, na haukatazi lolote. Haukutungwa kwa kazi hiyo, lakini wengi huingia katika aljebra wakiwa hawana silaha nyingine.

Sababu ya upungufu huu ni ya kihistoria. Nchini Tanzania Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu 1967, lakini sekondari, ambako milinganyo ya namna hii hufundishwa, imeendelea kwa Kiingereza. Nchini Kongo, Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi; mtoto akifika kwenye kipeuo amekwisha kuhamia Kifaransa. Pande zote mbili Kiswahili kimeachwa kwenye hesabu za amri. Masharti yamekabidhiwa lugha ya kigeni.

Matokeo yake husikika Lubumbashi, wanafunzi wanapoelezana kazi. Majina huwa ya Kifaransa na vitenzi huwa vya Kiswahili: mtu "anatosha rasine kare". Mchanganyiko huo si wa kuonewa haya, lakini una mtego. Kutosha kwa Kiswahili cha Lubumbashi ni kuondoa. Kwa Kiswahili sanifu ni kukidhi haja, na ndilo neno linalohitajika kwa sharti la kutosha, kinyume cha sharti la lazima. Kitabu kilichoandikwa Dar es Salaam kikisomwa Lubumbashi kitaeleweka vingine mahali pasipofaa kabisa.

Vifaa vya masharti lugha inavyo. Kiambishi -ki- hakitoshi peke yake, kwa kuwa "pande zikilingana" huweza kuwa wakati au sharti, tena hakisemi lolote juu ya kurudi nyuma. Lakini ipo "iwapo", ipo "iwapo na iwapo tu", ipo "maadamu", ipo "isipokuwa". Lipo pia neno kuhakiki, ambalo wanafasihi wamelizoea kwa kazi yao na ambalo maana yake ya kwanza ni kutafuta ukweli wa jambo; linafaa kwa hatua ya mwisho kuliko "angalia jibu".

Ufumbuzi ule ungeweza basi kuandikwa hivi. Maadamu √x imo katika asili, x lazima iwe kubwa kuliko sifuri; kwa hiyo inaruhusiwa kuzidisha kwa √x, na hupatikana x − 6 = √x. Kipeuo hakiwi hasi, kwa hiyo x − 6 nayo haiwi hasi, yaani x si ndogo kuliko 6. Iwapo x inaulinganisha mlinganyo huu, basi inaulinganisha pia x² − 13x + 36 = 0; kinyume chake si lazima. Mlinganyo huu wa mwisho unatoa 4 na 9. Nne ni ndogo kuliko 6, inaachwa; ni jibu la √x − 6/√x = −1, ambao haukuulizwa. Tisa inahakikiwa: 3 − 2 = 1.