'Za' ya piza na 'za' ya salamu

KATIKA Kiingereza cha Marekani kuna neno 'za'. Si kosa la chapa. Ni nomino kamili yenye wingi wake, 'zas', na maana yake ni piza. Vijana walilikata neno 'pizza', wakatupa kichwa na kubaki na mkia. Kamusi ya Merriam-Webster imelisajili kama neno la mtaani.

Wapo wazungumzaji wengi wa Kiingereza ambao hawajawahi kulitamka. Mchezaji wa Scrabble, hata hivyo, analithamini kama mboni ya jicho. Katika vipande 100 vya mchezo huo, Z ni moja tu, na ina alama 10. Kabla ya mwaka 2006, orodha ya maneno inayotumiwa Marekani Kaskazini haikuwa na neno lolote la herufi mbili lenye Z, kwa hivyo aliyebaki nayo ubao ukiwa umejaa alikuwa taabani. Mwaka huo 'za' likaingizwa, sambamba na 'qi', neno lenye asili ya Kichina linalorejelea nguvu ya uhai. Sasa ukiiweka Z kwenye mraba unaozidisha herufi mara tatu, ikasomeka 'za' kwa mlalo na 'za' tena kwenda chini, unavuna alama 62. Kwa piza ambayo hata hukuila!

Kuna walionung'unika, eti hilo nalo ni neno gani? Mimi naona walioliingiza walitenda haki. Neno huwa neno kwa sababu watu wanalitumia, si kwa sababu lina urefu wa kuheshimika. Linalonitia shaka ni jingine: mchezoni, maana haina kazi. Mwaka 2015, Nigel Richards, raia wa New Zealand, alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa ilhali hazungumzi Kifaransa. Alikuwa amekariri orodha. Kumbukumbu yake ni ya ajabu, sikatai, lakini hiyo si lugha. Na sisi tunao wanafunzi wanaokariri kurasa za misamiati na kuimwaga katika insha kwa mtindo uo huo, bila hata kombe la kuonyesha.

Turudi kwenye mkia ule. Kwa kawaida Kiingereza kinapokata neno huacha kichwa: 'exam', 'lab', 'photo'. Yapo machache yaliyoachiwa mkia, na mashuhuri zaidi ni 'bus', kutoka 'omnibus', neno la Kilatini lenye maana ya 'kwa ajili ya wote'. Maana ya 'wote' imo katika 'omni'. Hiyo 'bus' iliyosalia ni sehemu ya mwisho wa neno, kiambishi cha sarufi tu. Nasi tukaipokea, tukaipa irabu, ikawa basi. Kila asubuhi Wakenya maelfu wanapanda kiambishi cha Kilatini kwenda kazini.

Sasa basi, tutazame 'za' yetu. Mtu anakutana na jirani, anamwambia: "Za asubuhi?" Mwingine: "Za siku nyingi?" au "Za nyumbani?" Hapa pia kitu kimekatwa, na kilichokatwa ndicho kikubwa: nomino 'habari'. Ila ukataji huu hauko kama ule wa Wamarekani. 'Za' ya piza ni silabi iliyokuwa haina maana yoyote kabla ya kukatwa. Asiyeambiwa hawezi kujua imetoka wapi. 'Za' ya salamu ni a-unganifu yenye upatanisho wa kisarufi. Inamwambia msikilizaji kwamba nomino iliyoachwa ni ya wingi, katika ngeli ya I-ZI au U-ZI, na mazingira ya kukutana asubuhi yanamalizia yaliyobaki. Nomino imeondoka lakini imeacha nyayo. Ndiyo maana mtoto wa miaka minne huijibu "nzuri" bila kufundishwa, naye pia ameshika upatanisho.

Kwa hivyo mwalimu anayepiga mstari mwekundu chini ya "Za asubuhi?" katika mazungumzo ya insha, akidai sentensi haijakamilika, anaadhibu sarufi inayofanya kazi yake barabara.

Je, 'za' hii ingekubaliwa katika Scrabble ya Kiswahili? Swali si la mzaha. Kamusi zetu kwa kawaida huweka a-unganifu chini ya '-a'. Tukisema neno halali ni lile tu lililo kitomeo, basi 'za' nje, 'wangu' nje, na 'anakula' nje pia, maana kamusi ina '-la' peke yake. Tungebaki tukicheza kwa nomino na vielezi. Tukisema kila umbo sahihi likubaliwe, kitenzi kimoja kitazaa maumbo maelfu, na hakuna mwamuzi atakayeyaorodhesha yote. Naegemea upande wa pili. Mwamuzi awe na kanuni za uambishaji mkononi badala ya orodha. Mchezaji akipingwa, alichambue neno lake mofimu kwa mofimu mbele ya wote. Hapo mchezo ungedai maana, na Nigel Richards angelazimika kujifunza Kiswahili kwanza.

Vipande navyo vibadilishwe. Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyeubuni mchezo huu katika miaka ya 1930, aligawa herufi baada ya kuhesabu zinavyojitokeza katika gazeti la Kiingereza. Ndiyo sababu kuna E 12 lakini K moja tu. Q na X hazitupi kazi yoyote, na C haina maisha bila H. Z ya alama 10 kwetu ni zawadi ya bure. Lakini mtoto wa Kisumu au Voi akitaka kuandika 'kuku' kwa vipande hivyo hawezi, ila atumie kipande kitupu.