Fundi wa Chane Mbichi

Mnana dume akitaka kuchana ukuti, haanzii katikati. Hutua karibu na kikonyo, huung'ata ukingo mpaka upate mkato mdogo, hukaza mdomo papo hapo, kisha huruka kuelekea nchani. Kinachochana hasa ni mwendo wake. Chane hufunguka nyuma yake, nyembamba, na akishatoka kwenye mnazi huwa anayo yote mdomoni, inaning'inia ndefu kuliko yeye mwenyewe.

Nimemtazama akifanya hivyo wiki nzima ya likizo ya Aprili, nyumbani kwetu karibu na Gede, pwani ya Kenya. Alfajiri tulikuwa tukitembea na watoto mpaka ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke kutazama ndege. Jioni wapwa zangu walicheza mpira wao wa matambara mbele ya nyumba. Msitu ule una ndege ambao watu huvuka bahari kuja kuwatafuta, akiwemo bundi mdogo wa Sokoke, anayeshinda mchana kutwa amejibanza kichakani. Lakini aliyeniteka mimi ni huyu wa kila siku, mwenye kichwa cheusi, jicho jekundu na kifua cha njano, ambaye yeye na wenzake wameuvamia mnazi ulio nyuma ya goli. Masika yakianza, na majani yakawa mabichi, nao huanza kazi.

Fundo la kwanza ndilo gumu kuliko yote. Mnana huikanyaga ncha moja ya chane kwenye tawi, akaishika ile nyingine kwa mdomo, akaizungusha, akaipenyeza chini ya mzunguko wake mwenyewe, kisha akahamia upande wa pili na kuivuta. Huvuta, huachia, hutafuta ncha tena, hupenyeza tena. Hana mkono wa kumshikia kazi. Chane ikiteleza, huenda kuleta nyingine bila kuhangaika na iliyoanguka, na chini ya mnazi ule zimetapakaa nyingi.

Chane zikishashika, hutengeneza pete iliyosimama wima, yenye nafasi ya yeye kutua ndani yake. Hapa ndipo nilipoanza kuitazama kazi hii kwa heshima nyingine. Akishakanyaga sehemu ya chini ya pete, hujenga akiwa ameelekea upande uleule mpaka mwisho. Mbele yake anasuka chumba cha mayai, akinyoosha shingo juu, kulia, kushoto na chini. Pale mdomo unapokomea ndipo ukuta unapokaa. Kwa hiyo chumba kinatoka mviringo bila kipimo chochote isipokuwa mwili wake. Chumba kikifunga, hujipinda kwa nyuma, miguu ikiwa palepale, akasuka ukumbi mdogo na mlango unaotazama chini. Sehemu ya chini ya pete hubaki ndani kama kizingiti, nayo huzuia mayai yasiviringike hadi mlangoni upepo unapotikisa kuti. Mwisho hutandika vipande vipana vya majani chini ya paa, ili mvua isipenye.

Mama, ambaye amesuka mikeka tangu usichana wake, alileta kiti chake barazani akamtazama kwa muda mrefu. Ukindu wake yeye huanikwa, hutiwa rangi, na huloweshwa kabla ya kusukwa ili ulainike. "Huyu hana maji ya kuloweshea," alisema. "Ndiyo maana hagusi kavu." Aliona pia kitu nilichokuwa nimekipita: kwenye kuti la chini kulikuwa na dume mchanga, bado hana weusi kichwani, aliyekuwa akifunga chane zilizolegea, nyingine zikifunguka hata kabla hajaleta ya pili.

Wanasayansi Nicholas na Elsie Collias, waliotumia miaka mingi kuwachunguza minana wa aina hii, waligundua kwamba madume wachanga walionyimwa majani ya kuchezea walichelewa sana kuweza kusuka. Ndege huzaliwa na hamu ya kusuka. Ustadi huja kwa kurudiarudia. Kwa hiyo yule mchanga na mafundo yake yanayofunguka alikuwa masomoni, na nilifurahi kwamba Mama ndiye aliyemwona.

Katika kaunti hii hii ya Kilifi yuko mnana mwingine, wa Clarke, ambaye wanasayansi wamemtambua tangu mwaka 1913. Kwa takribani karne nzima hakuna mtaalamu aliyejua anakozalia. Mwaka 2013 ndipo vilipopatikana viota vyake, katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha. Nikifikiria miaka hiyo yote ya kutafuta, naona bahati kubwa kuwa na msusi wa ukoo wake hatua chache kutoka barazani.

Kiota cha dume wetu kilipokamilika kilikuwa kijani kibichi. Alijining'iniza chini ya mlango, kichwa chini, akipiga mabawa ili njano ya ndani ionekane. Majike walikuja. Jike huingia, hukaa ndani, huvutavuta chane kwa mdomo kama mnunuzi anayekagua mshono. Akiridhika, ataleta nyasi laini na manyoya ya kutandika. Kwa jirani wa kuti la juu, mmoja aliridhika. Kwa huyu wetu waliingia na kutoka.

Rangi ilianza kufifia, ikawa ya majani makavu, na majike wakaacha hata kusimama. Asubuhi moja tulimkuta akikibomoa, chane moja moja, kwa mdomo uleule uliozifunga, akiziacha zianguke uwanjani.

"Mjomba, mbona asizitumie tena?" aliuliza mpwa wangu mdogo.

Mama ndiye aliyemjibu. Aliokota moja, akaikunja kati ya vidole, ikakatika. Huko juu dume alikuwa amesharudi mahali palepale na chane mbichi, anatafuta pa kuifunga. Jioni ile Mama aliagiza goli lihamishiwe upande wa mbuyu ili mpira usipige kuti, na wavulana wakachukua mawe yao wakahama.