Mwongozaji Hupimwa Misikhu

Chama kimoja cha akina mama wa Kitale kilifanya matembezi ya siku moja majuzi, kwa basi hadi Bungoma na kurudi, na tangu hapo hatusikii lingine ila sifa za kijana aliyewatembeza. Ati anachangamsha. Ati ana fulana zenye jina lake. Nikawauliza: ngome ya Chetambe mliiona? Wakatazamana. Maporomoko ya Nabuyole je? "Tulipiga picha." Basi huyo si mwongozaji. Ni makanga aliyepewa maikrofoni.

Kule pwani bahari humbeba hata mwongozaji mvivu: miamba iko pale, mawimbi yako pale, yeye anyooshe kidole tu. Sisi tuna mlima unaojificha na ukingo wa mawe usiojitangaza, kwa hiyo huku uvivu haufichiki.

Basi litoke Kitale saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anayeondoka saa tatu ameshaharibu siku, maana kabla ya adhuhuri Elgon mara nyingi huwa umejitanda wingu. Ukiteremka kwenda Webuye mlima uko kulia. Jioni ukirudi uko kushoto, ila saa hizo wingu limekaa. Ajuaye kazi huwahamisha watu viti pale Kiminini, wa kushoto waende kulia, kabla hawajanung'unika. Anayesema "nyinyi mtauona jioni" anawadanganya kwa adabu. Nimemsikia mwingine akiapa kwamba Koitobos ndicho kilele cha juu kabisa. Cha juu ni Wagagai, mita 4,321, nacho kiko Uganda.

Lakini hayo hata mgeni anaweza kuyagundua. Asilolitazama kamwe ni hili: mwongozaji anaanza kusema lini.

Basi linalokwenda kilomita 60 kwa saa hula kilomita moja kila dakika. Kisa cha Chetambe kikitaka dakika nane, kianzwe kilomita nane kabla, na ndiyo maana huanzwa Misikhu. Mzee mmoja aliyenifunza kazi hii hakuwahi kushika maikrofoni. Tukiingia Misikhu alikuwa anasimama katikati ya basi, akawapa mgongo walio mbele bila kuomba radhi, akaanza na Lumboka: Wabukusu nyuma ya kuta zao za udongo na handaki, mkoloni Hobley na kikosi chake mwaka 1895, ngome ya kwanza kuanguka, watu kukimbilia ya pili. Hakusema ya pili ilikuwa wapi. Alipohisi kwamba ukingo umekaribia aligonga bodi mara moja, dereva akapunguza mwendo, naye akanyamaza katikati ya sentensi. Vilima vya Chetambe vikamalizia. Abiria walikuwa wanatafuta ile ngome kwa macho kabla hawajaambiwa watazame. Hiyo ndiyo kazi. Mengine ni mapambo.

Asiyejua utamtambua kwa maneno mawili: "Hapo mlipopita." Shingo zote zinageuka nyuma, na zinachokiona ni lori la miwa.

Wazee walikuwa na saa isiyokosea. Enzi za kiwanda cha karatasi, harufu yake iliwafikia abiria kabla ya mji wenyewe, hata aliyelala akajua Webuye imekaribia. Harufu ikiingia dirishani, wanaanza habari za Nabuyole: mto Nzoia, maporomoko, jina la Broderick ambalo mkoloni aliyabandika na mji ukalibeba miaka mingi. Kiwanda kilipozimika, vijana wakahamia kwenye ramani ya simu. Simu hukuambia umefika. Haikuambii unakaribia kusema.

Wadanganyifu hawakosi. Yuko aliyewapeleka watu kwenye pango la kijijini, lina popo na samadi ya mbuzi, akaliita Kitum ili akwepe kiingilio cha mbuga. Kitum halisi unaifikia kwa lango la Chorlim, inaingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200, na kuta zake zina michirizi ya pembe za ndovu waliokwangua chumvi. Mgeni hutazama popo. Wewe tazama kuta.

Yuko pia anayembadilisha Elijah Masinde kulingana na abiria: kwa Wabukusu nabii, kwa watu wa Nairobi mwendawazimu. Mwongozaji wa kweli husema lile lile kwa wote: alianzisha Dini ya Musambwa, mkoloni akamfungia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na serikali ya uhuru nayo ikamtia ndani. Aseme hivyo kisha aketi.

Muziki usipigwe kati ya Misikhu na Webuye. Chakula kiliwe Webuye, kamwe si Bungoma, kiwe ugali wa wimbi na kuku wa kienyeji, na mwongozaji ale mwisho. Asivae kofia. Sababu sitoi, waliokaa kwenye kazi hii wanazijua.

Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu, muulize swali moja: Chetambe utaanza kuisimulia tukiwa wapi? Akijibu "tukifika," weka pesa yako mfukoni, utafute mwingine.