Sarafu Moja ya Fedha, Bei Mbili Ujerumani

Kwa miaka kadhaa, mtu aliyetaka kununua sarafu ya fedha ya wakia moja Ujerumani alikuta bei zinazopishana kwa euro mbili tatu, hata pale madini yalipokuwa na uzito na usafi uleule. Aliyedhani kwamba muuzaji wa bei ya juu alikuwa na tamaa alimwonea bure. Tofauti ilitokana na kodi, na namna wauzaji walivyoipunguza bila kuvunja sheria inastahili kuelezwa vizuri.

Dhahabu haina usumbufu huu. Tangu mwaka 2000 Umoja wa Ulaya umeondoa VAT kwenye dhahabu ya uwekezaji. Fedha haikupewa nafuu hiyo. Ujerumani ilizitoza sarafu za fedha asilimia 7 hadi mwisho wa 2013, kisha Januari 2014 kiwango kikapanda hadi 19. Hapo wauzaji wakakigeukia kifungu cha 25a cha sheria ya VAT ya nchi hiyo, kinachomruhusu mfanyabiashara wa vitu vya kukusanya alipe kodi kwenye faida yake tu badala ya bei yote. Sarafu iliyoingizwa kutoka nje ya Umoja kama kitu cha kukusanya ililipiwa asilimia 7 forodhani, na baada ya hapo asilimia 19 iligusa faida peke yake.

Tuchukue mfano wa Maple Leaf ya Kanada. Muuzaji anainunua kwa euro 25, analipa 1.75 forodhani, sasa imemgharimu 26.75. Anaiuza kwa 29.75. Katika zile euro tatu alizoongeza, senti 48 ni kodi, na 2.52 inabaki kuwa yake. Akitaka faida hiyohiyo huku akitoza VAT kwenye bei nzima, atalazimika kuiuza kwa 32.75. Mnunuzi wa sarafu mia moja anaokoa euro 300, na muuzaji hajapoteza hata senti.

Ndiyo maana Philharmoniker ya Austria, inayotengenezwa ndani ya Umoja, ilikuwa ghali kuliko Maple Leaf iliyovuka bahari. Ikitoka Vienna moja kwa moja haipiti forodha yoyote, kwa hiyo haikuwa na pa kuupata ule unafuu wa asilimia 7.

Mwaka 2022 mlango ulianza kufungwa. Mamlaka za Ujerumani zilishikilia kwamba sarafu inayonunuliwa kwa ajili ya madini yake haistahili kuitwa kitu cha kukusanya. Kipimo chao ni bei kuzidi asilimia 250 ya thamani ya madini, na sarafu ya kawaida ya wakia moja haifiki huko. Naona hoja yao ina nguvu. Maple Leaf hutengenezwa kwa mamilioni, na anayeinunua kwa kawaida huangalia bei ya fedha sokoni kabla ya kuangalia picha ya jani. Lakini kuiachia dhahabu kodi yote na kuibana fedha, ambayo ndiyo akiba ya mwenye kipato kidogo, ni upendeleo ambao sijaona ukitetewa vya kutosha.

Kwa msafiri anayerudi Mombasa au Dar es Salaam hesabu hugeuka. Ankara ya kodi ya faida hairuhusiwi kuonyesha VAT pembeni, kwa hiyo hana cha kudai uwanja wa ndege. Ankara ya kodi kamili huionyesha. Asiyeishi ndani ya Umoja, akinunua kwa zaidi ya euro 50, akatoka na mzigo kabla ya miezi mitatu kufuata mwezi wa ununuzi kwisha, na fomu ikagongwa muhuri wa forodha, anaweza kurudishiwa kodi iwapo duka limekubali utaratibu huo. Ile sarafu ya 32.75 inashuka hadi 27.52 kabla ya ada ya wakala, chini ya ile ya 29.75 iliyoonekana rahisi.

Basi aulize kabla ya kulipa ankara itakuwa ya aina gani. Na ahesabu pia ya nyumbani: kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, na afisa wa forodha atataka kuiona ankara ileile.